Jasi Dume

Kaka yangu alianza kukohoa wakati sabuni imesharudi madukani. Nakumbuka hivyo kwa sababu nguo zake nilikuwa nafua mimi, na kabla ya hapo tulikuwa tunafulia maji ya majivu. Ghafla kila kitu kikawa ruksa. Sabuni ruksa, mitumba ruksa, redio za kaseti ruksa. Shamba la mkonge alikokuwa anafanya kazi likafungwa, na hilo nalo likawa ruksa. Watu waliotoka Kigoma na Songea kuja kukata mkonge wakabaki wanazunguka stendi ya Same kama kuku waliofungiwa nje ya banda.

Ndipo akaja mwenye kinu. Majina siandiki. Wengine wana watoto, na watoto hawajanikosea. Nitawataja kwa kazi zao. Mtu wa Same akisoma atawajua, na wao wenyewe wakisoma watajijua zaidi.

Mwenye kinu alikuja na mashine ya kusaga mawe, akaijengea banda la mabati nje ya mji, karibu na reli. Malori yalileta mawe yameshapondwa, yote meupe. Sisi tukasaga unga, tukaujaza kwenye viroba, ukapelekwa Dar es Salaam, kwenye rangi na nini sijui. Kaka alikuwa mdomoni mwa mashine, analisha mawe kwa chepe. Mimi na wanawake wengine tulikuwa upande wa chini, tunachekecha na kushona viroba. Vumbi lilikuwa jembamba kuliko sembe. Jioni nyusi zetu zilikuwa nyeupe, tukawa tunachekana: bibi vipi, wajukuu hawajambo?

Tuliambiwa ni jasi. Na jasi kwetu hakuna asiyeijua, inachimbwa Makanya pale, ndiyo chaki za shule. Nani anaogopa chaki? Mwalimu anaila maisha yake yote na anastaafu. Aliyetuambia ni msimamizi, naye si mgeni. Ni mtu wa mlimani kwetu, tulisali naye kanisa moja, mama yake alimkanda mama yangu nilipozaliwa. Kaka aliwahi kumuuliza mbele yangu.

"Bwana mkubwa, jasi gani hii inatoa cheche? Jana nimeigonga na chepe ikawaka kama kiberiti."

"Hiyo ni jasi dume," msimamizi akasema. "Inatoka chini kabisa. Ile ya Makanya unayoikwaruza kwa kucha ni jike."

Tukacheka sana. Tangu siku ile mawe yale yakaitwa jasi dume, na aliyechelewa kazini akitaniwa alikuwa anaambiwa amelala na jasi jike. Bwana afya alikuja mara moja, akasimama mlangoni ameziba pua kwa leso, akapewa soda, akaondoka. Nasema aliziba pua. Sisi hatukuambiwa tuzibe.

Unga uliomwagika chini tuliruhusiwa kuzoa. Tuliupandisha mlimani kwa ajili ya Krismasi, maana Krismasi kwetu kila aliye mjini anarudi nyumbani, na hakuna anayetaka wageni wakute kuta chafu. Tuliuchanganya na maji na uji kidogo ushike, tukapaka. Nyumba ya kaka iling'aa mpaka ng'ambo ya bonde.

Basi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakina makohozi, ni kama mtu anayekwaruza sufuria. Akakonda. Mwanzoni alipanda njia ya nyumbani akipumzika mahali pamoja, kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Baadaye akawa anapumzika kila kona. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakasema kifua kikuu, akanywa dawa mpaka mkojo ukawa mwekundu, asipone. Na miaka ile mtu akikonda, akikohoa na dawa ikashindwa, watu walikuwa na jibu lao tayari. Hawakulitaja. Walisema amekanyaga waya.

Waliposema hivyo, macho yote yakamgeukia wifi yangu.

Wifi ni mtu wa Ndungu, kwenye mpunga kule chini. Kabla ya kuolewa alikuwa anauza chai stendi, na kwa watu wengine hilo lilitosha. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli katika ukoo alikuwa baba mdogo, mzee wa kanisa. Aliwaita wazee wenzake, wakala makande ya wifi mwenyewe, wakayamaliza, kisha wakamwambia arudi kwao "akapumzike." Alikwenda kupimwa damu hospitali ya misheni, akaja na jibu kwamba damu yake ni safi. Baba mdogo akasema damu ina ujanja, leo inaficha, kesho inaonyesha. Watoto wakabaki kwetu. Yeye akashuka mlima na begi moja.

Kaka hakuwa na pumzi ya kugombana. Alikaa kwenye kigoda nje, kifua kinapanda na kushuka, akaniambia, "Sitaki kufa hayupo. Na sitaki afukuzwe kwa kitu ambacho sina."

"Utajuaje kwamba huna?" nikamuuliza. Nilikuwa na haki ya kuuliza, mimi ndiye niliyekuwa namwosha.

"Kwa sababu mashine ikizimwa nilikuwa napata nafuu. Wiki ile umeme ulipokatika nilipanda mpaka nyumbani bila kukaa. Wewe hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kinu kwa sababu ya kifua, nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni pale Same.

Katika nyumba ile ya wageni akaja mama mmoja wa jiolojia kutoka Dodoma, mtumishi wa serikali. Ulikuwa wakati watu wamepagawa na mawe mekundu ya thamani, kila aliyefukuzwa kwenye mkonge ana sururu na ndoto zake, na yeye alitumwa kuona wanachochimba. Chumba chake kilijaa mifuko ya mawe. Nikawa nafagia kwa kuzunguka, nisichanganye. Siku moja nikamuuliza.

"Mama, jiwe likishasagwa likawa unga, mtu anaweza kujua lilikuwa jiwe gani?"

"Anaweza. Tena tunautaka unga. Hata ukituletea jiwe zima tunalisaga kwanza."

"Mnalijuaje sasa?"

"Tunalipiga eksirei."

Nilidhani ananichezea. Nikamweleza habari ya kaka, ya wifi, ya jasi dume. Nilipofika hapo pa jasi dume akaweka kalamu chini. "Nipatie unga huo," akasema, "kijiko kimoja tu."

Sasa hapa nilifanya kama nilivyolelewa. Mama yetu alitufundisha kwamba kitu cha mtu huchukui bila kuomba, na ukiomba unasema ni cha kazi gani. Hata chumvi ya jirani, unasema ni ya mboga au ya uji. Nikaenda kinuni, nikamwamkia msimamizi, nikamwomba unga kidogo. Nikamwambia unakwenda Dodoma, kupigwa eksirei, tujue kaka anaumwa nini.

"Jiwe linapigwa eksirei?" Akageuka kuwatazama vijana wa kupakia. "Jamani, jiwe letu lina kifua kikuu!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, akakohoa, akashindwa kuacha. Msimamizi akaingia ofisini, akatoka na unga umefungwa vizuri kwenye karatasi ya gazeti. "Chukua mwanangu. Msalimie kaka yako."

Mama wa jiolojia alitaka nimwachie auchukue mwenyewe. Nikakataa. Nikamwambia siuachi mikononi mwa mtu mpaka niuone unaingia huko unakoingia. Akanitazama, akacheka. "Basi panda gari. Utakaa na mawe huko nyuma." Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na baridi, nikavaa koti la kaka, lile la mtumba alilokuwa anafanyia kazi. Nilikuwa nimelifua upande wa nje tu, maana koti lile lilikuwa na bitana nzito na mifuko mirefu ya ndani, likilowa lote halikauki.

Dodoma sikuiona, niliona vumbi na chumba kile. Fundi wa mashine alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinikuta nimesimama mlangoni nimeshika kifurushi changu kama mtu aliyeleta mtoto kliniki. Akautwanga unga tena kwenye kinu kidogo cha jiwe linalong'aa, kadogo kama kikombe cha kahawa, ingawa kwangu ulikuwa laini tayari. Akaujaza kwenye kisahani chenye shimo, akausawazisha kwa kioo kama mtu anayelainisha uji kwenye sahani. Akaufungia ndani ya mashine. Taa nyekundu ikawaka.

"Sasa hapo mwanga unaupiga unga," akasema, "mwanga huu ambao macho hayauoni. Jiwe lolote ndani yake limepangwa, kama matofali. Kila jiwe na mpangilio wake. Mwanga ukigonga mpangilio huo unaruka, na unaruka kwa pembe zake, si pembe za jirani. Ule mkono unazunguka kuudaka. Ukiudaka, kalamu inaruka."

Mkono wa mashine ulikuwa unatembea taratibu kama kinyonga. Karatasi ndefu ilikuwa inatoka, na kalamu inachora mstari. Mstari unalala, unalala, halafu ghafla unapanda juu kama mlima na kushuka. Nikaelewa bila kuambiwa tena. Ukiwa ndani ya basi unatoka Korogwe, ukishapita Mkomazi, mtu wa kwetu haulizi tumefika wapi. Anatazama migongo ya milima dirishani. Huu mrefu wenye bega, pale ndipo pa kuteremkia Gonja. Huwezi kumdanganya kwa kubadilisha jina la kituo.

Fundi akaikata karatasi, akaitandaza, akafungua kasanduku ka kadi zake, akalinganisha. Hakukawia.

"Jasi," akasema. "Tazama, mlima mrefu hapa mwanzoni kabisa. Huo ni wa jasi. Safi, hata mwalimu angeandikia ubaoni."

Nilikaa chini, kwenye sakafu. Nilichofikiria nakisema kama kilivyo: baba mdogo alikuwa sawa. Basi ni ule ugonjwa. Basi wifi ndiye, au kaka ndiye, na kaka amenidanganya, na mimi nimekuja kote huku kupewa karatasi ya kumtukana.

Mama wa jiolojia akachuchumaa karibu yangu. "Dada, unga huu uliuchota wapi?"

"Sikuchota. Nilipewa."

"Na nani?"

"Msimamizi."

"Ulimwambia ni wa nini?"

"Nilimwambia. Nitaombaje kitu bila kusema?"

Fundi akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, koti nililovaa ni la nani.

Walilipindua mifuko nje juu ya karatasi nyeupe. Kwenye kona za mifuko, kwenye mishono, mlikuwa na unga umegandamana, mgumu kidogo kama maziwa yaliyokaukia kwenye chupa ya mtoto. Fundi akaukwangua kwa kisu kidogo na brashi. Haukujaza kisahani. Akasema haidhuru, akaudondoshea tone la spiriti, akaupaka kwenye kipande cha kioo mpaka ukawa kama ukungu. Taa nyekundu ikawaka tena.

Kalamu ilianza. Mwanzoni, pale palipokuwa na mlima wa jasi, paliinuka kichuguu tu. Halafu tambarare. Halafu mlima mfupi. Halafu, mbele kidogo, ukainuka mlima mmoja kalamu ikafika juu kabisa ya karatasi, ikagonga, ikarudi.

Fundi akaikata karatasi. Safari hii hakufungua hata zile kadi.

"Jasi ipo," akasema, akiweka kucha kwenye kile kichuguu. "Nadhani mashine yao husaga na jasi siku moja moja. Lakini hawa wawili, mfupi na mrefu wake, ni kwatzi. Ndilo hilo jiwe jeupe linalotoa cheche."

"Jasi dume," nikasema.

"Hakuna jasi dume, mama."

Mama wa jiolojia akanieleza kwamba vumbi la kwatzi likiingia kwenye pafu halitoki. Linalichana, pafu linajifunga makovu, linakuwa gumu. Wao hapo wakilisaga wanafunga pua na kufungua madirisha. Nikamwomba aandike kwamba ndilo lililomuumiza kaka. Akatikisa kichwa. "Mashine haijui kaka yako. Inasema tu kilichokuwa mfukoni mwake. Mfuko uko juu ya kifua, mengine yasemeni wenyewe." Akaandika kwatzi, akaandika jasi kidogo, akanipa ile karatasi ndefu imekunjwa.

Nilirudi mlimani nikamtandazia baba mdogo karatasi mezani. Aliitazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Umekwenda Dodoma kuniletea picha ya milima. Mimi milima naiona hapa mlangoni bure."

"Baba mdogo, ni vumbi la kinu. Wifi hana kosa."

"Nani kasema ana kosa? Tulimwambia akapumzike."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimshika mkono anakuonyesha mwingine. Sikubishana. Nilishuka Ndungu bila ruhusa ya mtu, nikamkuta wifi ndani ya maji ya mpunga, amefunga kanga magotini. Hakuniamkia.

"Umefuata nini, wifi? Kuna sufuria mlisahau kuninyang'anya?"

Nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye tuta. Hakuacha kupandikiza miche. Nilipomaliza akanyoosha mgongo, akaniuliza swali moja tu. "Yeye anasemaje?"

"Anasema hataki kufa hupo."

Aliosha miguu kwenye mfereji, akavaa kandambili. Kwenye lori tulilopanda alishika ile karatasi, akaifungua mara moja, akapita na kidole juu ya ule mlima mrefu, kisha akaifunga.

Alipoingia ndani kwake, kitu cha kwanza alichofanya si kulia. Alimtoa kaka kitandani, akamhamishia kwangu. Akachukua jembe bovu, akajifunga kitambaa kilicholowa puani, akamwagia kuta maji na kuanza kubandua ile rangi nyeupe. Alibandua zote, hata nyuma ya kitanda ambako kaka alikuwa analala ameigeukia. Akazisiliba upya kwa udongo wetu mwekundu. Ndipo akamrudisha.

Kaka aliishi mpaka mvua za masika. Hakupona, sikusema alipona. Lakini alikuwa analishwa uji na mkewe, na siku nyingine niliwasikia wakitaniana, yeye anasema maneno mawili, anapumua, mkewe anamalizia sentensi kwa makosa makusudi ili amkasirishe. Karibu na mwisho aliniita. "Mkisoma wasifu wangu," akasema, akapumzika, "msiseme muda mrefu."

Kwetu mtu akizikwa husomwa wasifu wake pale kaburini. Alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini. Na miaka ile ilipofika sehemu ya kuugua, yakisomwa yale maneno "aliugua kwa muda mrefu," wote waliinamisha vichwa, wote walijua, na macho yakaanza kumtafuta mjane.

Msomaji alikuwa baba mdogo. Alisoma vizuri, ana sauti. Kaka alizaliwa, akabatizwa, akafanya kazi mkonge, akafunga ndoa. Kisha akasoma, "Marehemu aliugua kwa muda mrefu," na vichwa vikaanza kuinama. Wifi alikuwa amekaa chini na watoto. Nikaona shingo yake imesimama, hageuki huku wala huku.

"Hapana, baba mdogo," nikasema. Sauti yangu haikuwa kubwa, sina pumzi ya kupiga kelele. "Sema jiwe."

Nikasema mwenyewe. Nikasema kaka amekufa kwa vumbi la kwatzi, limepimwa, karatasi ninayo. Nikasema mwenye kinu alijua anasaga nini, maana ndicho alichokuwa anauza. Nikasema bwana afya aliziba pua yake akaacha zetu wazi. Nikasema msimamizi alinipa unga wa uongo nilipomwomba kwa heshima. Na nikasema wewe, baba mdogo, ulipewa jibu la damu na jibu la jiwe, ukachagua uvumi.

Msimamizi alikuwepo. Alivaa tai. Alikuwa ameshaokota udongo wa kutupa kaburini, akabaki ameushika kwenye kiganja, hajui autupe au auache. Hakuna aliyempisha.

Baba mdogo aliitazama karatasi yake kama inayoweza kumsaidia. Kisha akasoma tena, kwa sauti ya chini, waliokuwa nyuma wakaulizana anasemaje: "Marehemu aliugua kutokana na vumbi la mawe, kazini." Hakuongeza. Hakumwomba wifi msamaha siku ile wala nyingine. Lakini alisogea, akamwashiria mjane atangulie kutupa udongo, kama inavyotakiwa, na wifi akasimama na watoto wake akatangulia.

Kinu kilifungwa baadaye, si kwa sababu yetu, mwenye kinu alipata biashara nyingine. Msimamizi ana duka la vifaa vya ujenzi, anauza chokaa. Wale vijana wa kupakia, yule aliyepaliwa tulimzika, na wengine nyuma yake. Mimi bado nipo, napumzika kila kona.

Wifi hakuondoka tena. Krismasi ikija, nyumba zote za bondeni kwetu zinapakwa nyeupe, sasa ni rangi ya dukani. Yake ni nyekundu. Wageni wanaotoka mjini wanamuuliza mbona hujapaka. Anawaambia amepaka, watazame vizuri.